Nilitaka kopi yangu mwenyewe, nikamchukua mtoto wa pacha wangu

Wakuu, nawasalimu wote mliomo humu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, msihangaike kuniamkia.

Wiki hii kule jukwaa la sayansi kuna uzi umechangamka sana. Mtu kauliza: cloning ya binadamu ikiruhusiwa, nani atakuwa wa kwanza kujikopi? Nimesoma kurasa zote. Wengi mmejibu kwa mbwembwe, "mimi hapa", "niandikeni namba moja". Kuna jamaa kasema atatoa kopi tatu, moja iwe inaenda kazini badala yake.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikanyamaza, maana mimi nilishajaribu.

Sikutumia mashine. Nilitumia mtoto wa mtu, na mtu mwenyewe ni pacha wangu. Ninayoandika ni kweli, nimebadilisha majina tu. Sehemu ambazo nitaonekana mbaya nimeziacha hivyohivyo, sikujipaka poda.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mwanamke, nina miaka arobaini kasoro mmoja. Mluguru wa Mgeta, kule juu milimani, ila naishi Morogoro mjini. Kazi yangu ni kuzalisha miche ya migomba kwenye maabara. Maabara gani msiniulize, nina bosi na najua anapitapita humu.

Kwa wasiojua, kazi iko hivi. Tunachukua chipukizi la mgomba mzuri, tunalimenya, tunalimenya, mpaka kinabaki kipande cha katikati kidogo kama punje ya hindi. Tunakisafisha kwa dawa, tunakiweka kwenye chupa yenye chakula kama jeli. Kikichipua unakigawa. Kikichipua tena unakigawa tena. Mgomba mmoja unakupa shamba zima, na siyo kwamba ile migomba ni ndugu, hapana, ni mgomba uleule.

Ndiyo cloning hiyo mnayoijadili kwa woga. Ndizi mnazokula hapo nyumbani huenda zimepita mikononi mwangu.

Naomba nijisifu kidogo, maana nikisubiri nyinyi mnisifu nitazeeka. Mkono wangu hautetemeki. Chupa za wenzangu zinaota ukungu, zangu ni nadra sana. Wanafunzi wakija field wanaletwa mezani kwangu wanione ninavyokata. Mimi ni mtu wa kujisikia, nakubali, na kwenye kazi hii nina haki.

Haya, tuje kwa pacha wangu.

Yeye tumwite Kulwa na mimi Doto, mapacha nusu ya nchi hii wanaitwa hivyo kwa hiyo hamtanipata. Kulwa alinitangulia kuzaliwa kwa muda wa kuchemsha chai. Tulifanana mpaka baba, Mungu amrehemu, alitufunga nyuzi mkononi, nyekundu ya Kulwa na nyeupe yangu. Na sisi tulikuwa tunabadilishana zile nyuzi ili tumtie wazimu mzee wa watu.

Kitu kimoja tu kilitutofautisha. Kulwa anatumia mkono wa kushoto, mimi wa kulia.

Sisi ni mapacha wa yai moja. Kwa hiyo wakuu, kabla hamjatoana macho kule jukwaani, kopi za binadamu zipo tangu zamani. Unayesoma uzi wake ni mmojawapo.

Mimi nikapenda shule, Kulwa akapenda shamba. Akaolewa Mlali, kule chini ya milima, analima nyanya na vitunguu na mumewe, shemeji Tomasi. Wakapata watoto watatu, wawili wa kiume, na kitinda mimba wa kike anaitwa Skolastika. Sisi tunamwita Skola.

Mimi niliolewa pia. Nikaondoka mwenyewe baada ya miaka miwili. Nalisema mapema maana nawajua.

Nikiwa na miaka thelathini na moja nikaanza kutokwa damu kupita kiasi. Hospitali wakakuta uvimbe kwenye kizazi, tena mwingi. Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba kizazi lazima kitoke, la sivyo nitapoteza maisha.

Kikatoka.

Jamani, niliumia. Acheni kabisa. Mimi ambaye natoa maelfu ya miche kwenye kipande cha ukubwa wa punje, sikuweza kutoa hata mmoja wangu. Nilirudi kazini, nikikaa mbele ya zile chupa nalia ndani ya barakoa. Kilichonisaidia ni kwamba barakoa inaficha.

Mama alishuka kutoka Mgeta na mfuko wa njegere. Akakaa pembeni ya kitanda changu akasema, "Doto, usilie kama mtu asiye na watoto. Wa Kulwa watatu ni wako."

Na kwa mila zetu mama alikuwa sahihi. Sisi Waluguru mtoto anafuata upande wa mama. Lukolo, yaani ukoo, unapita kwa mwanamke. Mtoto wa dada yako ni mwanao, hakuna anayekuuliza.

Nilimwitikia mama, "Ndiyo mama." Moyoni nikasema, wa mila siwataki, nataka wangu.

Hapa nitasema wazi, na naomba msome polepole. Nilitaka mtoto wa nini? Siyo kwa sababu nina upendo mwingi sijui pa kuuweka. Nilitaka mtu akipita barabarani watu waseme "yule Doto yule". Nilitaka nikifa niwe bado nipo. Nilitaka mtu wa kurithi mkono wangu na kichwa changu, aendelee pale nilipoishia. Huyo mtoto mwenyewe angetaka nini, haki ya Mungu, halikuwahi kunijia kichwani.

Skola sasa.

Alipofika miaka mitano, sura yote ilikuwa imetoka. Macho yetu, paji letu, hata alama yetu ya kidevuni. Siku moja nilipeleka picha yangu ya utotoni Mlali, shemeji Tomasi akaishika akauliza, "Skola alipigwa lini hii?"



Nikaanza kupiga hesabu za kisayansi. Mimi na Kulwa tuna vinasaba vilevile. Nusu ya Skola imetoka kwa Kulwa, na cha Kulwa ndicho changu. Kwa hiyo hata tukipimwa DNA, mimi na Skola tutasoma mama na mtoto. Unaona akili ya mtu aliyesoma inavyoweza kumpeleka kubaya?

Nikaenda Mlali. Nikamkuta Kulwa anachagua nyanya, nzuri anapanga kwenye tenga, mbovu anatupia kuku. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kijiti nikamchorea chini. Huyu wewe, huyu mimi, huyu Skola. Nikamalizia, "Kisayansi, huyu mtoto ni wangu sawasawa na alivyo wako."

Kulwa akaangalia mchoro. Akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo ule uchungu wa siku mbili, ulikuwa unakuuma na wewe huko mjini?"

Akaangua kicheko, mpaka nyanya ikamponyoka. Mimi sikucheka. Kulwa alipoona sicheki akaacha, akafuta mikono kwenye khanga. Pacha wako hawezi kushindwa kukusoma.

"Doto, unamtaka Skola?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akaiokota ile nyanya, akaipanga kwenye tenga. Kisha akasema sawa, ataongea na Tomasi, mtoto aje kwangu aanze shule mjini, shule ni nzuri na mimi niko peke yangu. Kwetu kumpa dada mtoto wa kulea ni jambo la kawaida. Ila aliweka masharti mawili.

"Kila likizo arudi nyumbani. Na usimgeuze."

"Nisimgeuze nini?"

"Nakujua, Doto."

Nikaapa. Skola akaja mjini na begi dogo na kuku mmoja, zawadi ya mama mdogo.

Wakuu, nilivunja sharti la pili ndani ya wiki ya kwanza.

Alikuwa ananiita mama mdogo. Nikamfundisha aniite mama. Alikuwa na nywele ndefu, nikamnyoa, kwa sababu mimi utotoni nilinyolewa. Nikambandikia ile picha yangu ukutani na kumpiga picha akiwa amesimama vilevile, mikono nyuma. Nikaweka status, "Kopi yangu". Watu wakamimina pongezi, nikavimba kichwa siku tatu.

Na alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kama Kulwa.

Hilo nilishindwa kulivumilia. Kila akishika kijiko kwa kushoto nilikuwa nakihamisha. Penseli naihamisha, mswaki nauhamisha. Sikumpiga hata siku moja, naomba hilo mliandike. Lakini nilikuwa nasema "tsk", na nilikuwa nanuna. Mtoto wa miaka sita anaogopa kununiwa kuliko fimbo.

Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaandika kwa kulia, mwandiko umelala lakini unasomeka. Nikajisifu. Nikamwambia mwenzangu kazini, "Unaona? Ni suala la kumwelekeza tu."

Sharti la kwanza lilifuata. Likizo ya kwanza alienda Mlali, akarudi anashika kijiko kwa kushoto na ananiita mama mdogo tena. Likizo ya pili nikasema kuna tuition. Ya tatu tuition. Kulwa akipiga simu nasema mtoto kasinzia, mtoto anasoma. Kutoka mjini mpaka Mlali siyo safari ya kuandaa mizigo, wakuu. Ni hapo tu.

Naendelea, nilikuwa naonja maharage jikoni.

Naona kuna mmoja kaniandikia "mchawi". Mkuu, tulia, subiri nifike mwisho ndipo unichome.

Kipindi hicho Skola alikuwa na miaka tisa. Jumamosi moja nikamchukua twende kazini kwenye kitalu, pale miche ikitoka kwenye chupa inapokaa chini ya neti ya kivuli ikomae. Nilitaka aanze kuizoea kazi yake ya baadaye. Nilikuwa napita mistari nikikagua. Maana miche hii pamoja na kuwa kopi, kila baada ya muda unatokea mmoja ambao haukufuata. Umedumaa, au majani yana michirizi. Ule hauuzwi. Unang'olewa.

Nikang'oa mmoja wenye majani ya mabaka meupe, nikautupa kwenye ndoo.

Skola akauliza, "Mama, huo unaumwa?"

"Hauumwi."

"Sasa umeutupa wa nini?"

"Haufanani na wenzake."

Akauangalia kwenye ndoo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tunaweza kwenda nao nyumbani?"

Nikamruhusu, ili twende haraka. Akauotesha kwenye kopo la rangi nyuma ya jiko. Mimi nikasahau. Alivyonyamaza njia nzima niliona ni uchovu wa jua.

Wiki hiyohiyo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko yote. Skola hakuwa na cheti cha kuzaliwa, alikuwa na lile tangazo la kizazi la zahanati tu. Shule wakataka cheti. Nikachukua fomu. Kwenye nafasi ya jina la mama nikaandika jina langu.

Niliandika bila kutetemeka, mkono wangu mnaujua. Nilijiambia nani atabisha? Sura ni yangu, na hata wakipima damu itanitetea. Nikaiweka fomu kabatini nisubiri kuipeleka Jumatatu.

Ijumaa kukawa na kikao cha wazazi shuleni.

Mwalimu wake wa darasa ni mama mmoja mtu mzima, mpole, anaongea kama anabembeleza. Zamu yangu ilipofika akafungua madaftari mawili mezani.

"Mama Skola, naomba uangalie."

Daftari la kwanza lilikuwa na ule mwandiko uliolala. La pili lilikuwa na mwandiko mzuri, uliosimama, herufi zimejaa.

"Hili la pili la nani?" nikauliza.

"Yote ya Skola. Hili zuri anaandika kwa kushoto, ndilo la hapa darasani. Hili lingine ni la kukuletea wewe. Anakaa mapumziko ananakili kazi zote upya kwa mkono wa kulia, neno kwa neno, ili usijue. Wenzake wanatoka kucheza, yeye ananakili."

Nikaishiwa pozi.

Mwalimu akaendelea, "Na hongera ya mpira."

"Mpira gani?"

"Kha! Hujui? Ndiye winga wetu wa kushoto. Timu ya wasichana. Mtoto ana mguu huyo!"

Mimi mpira siujui na siupendi. Kulwa hajawahi kupiga mpira maishani mwake. Shemeji Tomasi mpira ukija upande wake anajikunja. Nilitoka pale shuleni nikiwa sijui ninayelala naye nyumba moja ni nani.

Na sitadanganya, njia nzima nilikuwa na hasira. Najiambia, huyu mtoto ananidanganya, na jinsi ninavyojitoa kwake.

Nilimkuta mezani anafanya hesabu, kwa kulia. Nikaweka madaftari yote mawili mbele yake.

Akayaangalia. Halafu taratibu akatoa mkono wake wa kushoto juu ya meza, akauficha nyuma ya mgongo.

"Mama, usinitupe. Nitaandika wa kulia."

Jamani.

Sikuelewa kwanza. Nikamwambia, "Nikutupe wapi, Skola?" Akaonyesha kwa kidevu kule nyuma ya jiko, kwenye lile kopo.

Nikakaa chini sakafuni. Nililia kuliko siku niliyotolewa kizazi, na sisemi hivyo kwa kupamba. Mtoto wa watu alikuwa anaishi kwangu miaka mitatu anajikagua kila siku kama amefanana vya kutosha. Na mimi ndiye niliyekuwa najigamba kazini kwamba najua kulea miche.

Yeye ndiye alinishika bega. Kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Basi mama mdogo, basi."

Jumatatu fomu haikwenda. Jumamosi tulikwenda Mlali, mimi na Skola, na fomu kwenye mkoba.

Kulwa alikuwa shambani. Skola alipomwona alitimua mbio katikati ya matuta ya vitunguu, nikabaki nimesimama pembezoni na mkoba wangu. Nilitaka kuona wivu, lakini sikuwa na uso wa kuonea wivu.

Nikamweleza Kulwa kila kitu. Mkono, nywele, tuition za uongo. Mwisho nikatoa fomu nikampa.

Kulwa alisoma darasa la saba tu lakini kusoma anajua. Alifika kwenye jina la mama akasimama hapo.

Nilimsubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana. Kulwa aliketi kwenye tuta, akasema polepole, "Mimi sikukunyima mtoto, Doto. Ulipoomba nilikupa. Sasa ulikuwa unaniibia cha nini?"

"Nilitaka awe mimi," nikamwambia.

"Wewe si upo?"

"Nitakufa."

"Na mimi nitakufa. Na Tomasi. Tumwache Skola awe nani, kila mtu akitaka awe yeye?"

Kulwa akajipangusa udongo, akaenda ndani akarudi na kalamu.

"Una fomu nyingine?"

Nilikuwa nayo, niliomba mbili nikihofia kukosea.

"Andika jina langu. Wewe una mwandiko mzuri."

Nikaandika. Wakuu, nimekata maelfu ya vipande kwa mkono huu bila kutikisika. Siku ile kalamu ilicheza. Lakini niliandika jina la Kulwa lote, kwa herufi kubwa, na najivunia lile jina kuliko chupa zote nilizowahi kufunga.

Nilimwambia Kulwa abaki na mtoto. Nguo za Skola nilikuwa nimeshazipanga, nilikuja nazo kwenye begi lake. Kulwa akamwita Skola akamuuliza yeye, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifanya.

"Unataka kukaa wapi, mwanangu?"

Skola aliangalia huku na huku, sura mbili zilezile zinamsubiri. Akauliza, "Nikikaa huku, mpira nitacheza na nani?"

Ndiyo jibu lilivyotoka. Hakunichagua mimi, tusidanganyane, alichagua timu. Shule atakaa kwangu, likizo zote Mlali, na mimi ananiita mama mdogo. Kulwa akasema sawa. Mimi nikasema sawa, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia tena, ila safari hii kwa nafuu.

Sasa mnisikilize ninavyojigamba, maana hii ndiyo sehemu niliyoisubiri.

Muhula uliofuata walikuwa na mechi, uwanja ulikuwa upande wa Mazimbu. Kulwa na shemeji Tomasi wakaja kutoka Mlali. Mama akashuka Mgeta na fimbo yake na khanga mpya. Tukajipanga pembeni. Watu wanageuka kutuangalia mimi na Kulwa, tumeshazoea.

Skola akatoka na jezi inayomfika magotini, nywele zimesukwa. Mpira wa kwanza aliopewa aliupaisha nje. Nikafumba macho. Mpira wa pili akaporwa.

Wa tatu akaupokea kwa mguu wa kushoto, akampita wa kwanza, akampita wa pili kwa kumwacha anatafuta miguu yake, akafika karibu na kibendera, akaupiga juu kwa kushoto, mwenzake akauingiza kwa kichwa.

Nilipiga kelele sauti ikakauka. Mimi! Nisiyejua hata offside ni mnyama gani. Mama aliangusha fimbo. Shemeji Tomasi alimkumbatia mzee mmoja asiyemjua.

Yule mzee alituangalia, mimi, Kulwa, na Skola kule uwanjani. Akasema, "Sura naona mmempa nyinyi. Huo mguu kautoa kwa nani?"

Kulwa akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Nikamjibu, "Kautoa kwake mwenyewe, mzee wangu."

Sijawahi kusema sentensi kwa majivuno kama ile. Siku zote nilikuwa najivunia vitu nilivyovifanya mimi. Siku ile nilijivunia kitu ambacho sikuchangia hata kidogo, na ambacho nusura nikikate.

Mechi tulifungwa mbili kwa moja. Hilo moja ni letu.

Kwa wanaopenda kujua, ule mche wa mabaka tuliuhamishia ardhini na umeshazaa. Mkungu mdogo, ndizi zenyewe siyo tamu kivile, kusema ukweli. Skola ndiye anayezisifia. Tulizila zote.

Nilichojifunza ni hiki, na siwahubirii. Nyinyi mnaosema mtajikopi, na nyinyi mnaozaa kwa njia ya kawaida lakini kichwani mnazaa kopi, jiulizeni mnamtaka mtoto au mnajitaka wenyewe tena. Mimi nilijitaka. Na kama mtoto mwenyewe hajapewa nafasi ya kujibu, basi hapo wewe ndiye umejibu, na atakaa mapumziko ananakili.

Karibuni mchangie. Walionibandika uchawi nao waje, sina kinyongo, sehemu fulani mko sahihi. Ningependa zaidi kuwasikia waliolelewa wawe kopi ya mzazi. Mkono gani mlificha?

Nitajibu taratibu, Jumamosi sitakuwepo hewani. Skola ana mechi, na mimi nasimamaga upande wa kushoto wa uwanja, ndiko anakochezea.